Nilimwitikia Marahaba

Nimeapisha mashahidi kwa miaka thelathini na mbili. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza watu wakisema "haki ya Mungu" huku macho yanatafuta mlango. Uongo naujua hata ukija umevaa suti. Kwa hiyo kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu tulia unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa mzima, sina homa, wala sijaonja kitu zaidi ya chai.

Yalianza na mama yangu.

Mama alikuwa kwangu Misungwi, amelala kitandani miezi mitatu, na hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani tukae naye. Mama yangu alikuwa Mkatoliki wa rozari, hakuwahi kukosa jumuiya. Lakini asubuhi moja nampa uji wa mtama, akausukuma mkono wangu akasema, "Wewe si kalani? Nitafutie jina."

Mama hakuwahi kusema "karani" hata siku moja. Ni "kalani" tu.

"Jina la nani, mayu?"

"La mama yake bibi. Padri ataniombea kwa watakatifu, sawa, nashukuru. Lakini nikifika kule nani atanipokea? Mama yangu nitamwita jina lake. Bibi aliyenilea nitamwita jina lake. Yule mama yake je? Nitasimama mbele yake nimwambie nini, we mwanamke?"

Nikamwambia mbona jina tunalo, anaitwa Nsese. Na kweli tulikuwa nalo. Ndani ya Biblia ya mama kulikuwa na cheti cha ubatizo cha bibi yake, kimekunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo, na kinasema: baba Makoye, mama Nsese. Na hadithi yake tuliijua wote tangu utotoni. Alikuwa mtu wa visiwa vya Sese, kule ziwani upande wa Uganda, akaja huku kwa mtumbwi akaolewa na mzee Makoye, mtu mzito, mwenye ng'ombe. Kaka yangu Masanja akilewa husema sisi ni damu ya Kiganda, na pengine ya kifalme. Nani wa kumbishia?

Mama akatikisa kichwa. "Hilo si jina. Msukuma akienda Dar wanamwita Msukuma, lakini ana jina lake nyumbani. Mama yake alipomzaa hakusema nimezaa Nsese. Na bibi alikuwa akilitaja hilo neno anageuza uso. Nilikuwa mtoto lakini niliona." Halafu akanishika kidole, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Usiniache niende bila jina lake."

Nikaahidi. Mtu anakufa mbele yako, ungesema nini?

Bibi yake alikuwa amemwambia mama jambo moja zaidi: kwamba Makoye alipofariki, ndugu zake wawili waligombana, na ugomvi ukapelekwa barazani, wakati wa Mjerumani. Mahali penyewe ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, huko huko alikokuwa akiishi Makoye. Sasa mimi najua jinsi vitabu vya mahakama vinavyoishi. Mchwa wakivikosa, na paa lisipovuja, kitabu kinaweza kukaa stoo miaka mia kinamsubiri mtu. Kulikuwa na mahakama moja kuukuu upande ule, jina silitaji, na mtunza stoo wake ni Joakimu, ambaye tuliajiriwa pamoja. Nikampigia simu. Akasema njoo, kuna vitabu huku hata hakimu haviangalii.

Nikaenda mara ya kwanza, nikarudi na vumbi. Mara ya pili, vumbi na mafua. Nyumbani mama ananiuliza kwa macho tu, siku hizo kuongea kulishamchosha. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nikavuka na kivuko cha asubuhi, na kabla ya saa nane mchana Joakimu akaniletea kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa. Mtu wa zama za Mwingereza alikuwa amenakili humo mashauri ya zamani ya baraza, kwa Kiswahili, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu.

Niliketi mezani kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na benchi la mashahidi. Hakukuwa na kesi mchana ule, palikuwa kimya, nasikia tu kunguru juu ya bati. Nikafungua ukurasa mmoja mmoja. Na jina Makoye nikaliona.

Mungu wangu, moyo ulivyonienda mbio! Nilichukua kalamu nianze kunakili, ndugu wawili wa marehemu, huyu anadai, huyu anakataa, kama kesi zote za mirathi nilizowahi kuandika. Halafu nikafika mstari unaosema kwamba wanagombania "mwanamke nsese na mtoto wake wa kike."

Jicho la karani likasimama hapo. Kwa nini herufi ndogo? Ukurasa mzima Makoye ni herufi kubwa, ndugu zake herufi kubwa, hata kijiji herufi kubwa. Nsese peke yake ndiyo ndogo. Nikadhani ni kosa la aliyenakili. Mstari wa chini likaja tena, na safari hii karani yule wa kale, sijui aliona baraza la Mjerumani halitaelewa Kisukuma, alikuwa ameongeza maneno yake: "nsese, yaani mtumwa wa nyumbani."

Nilisoma mara tatu.

Hakutoka Sese. Hakuna Sese, hakuna mtumbwi wa harusi, hakuna ufalme wa Masanja. Nsese ni neno letu wenyewe, Kisukuma cha zamani ambacho sisi watoto wa shule tulikuwa hatukijui tena. Bibi alilijua, ndiyo maana alikuwa anageuza uso. Alipoulizwa na mapadri mama yako nani, akalitoa neno lile lile alilosikia mama yake akiitwa kila siku, maana labda na yeye hakuwa na lingine. Kisha akatafuta mahali pa kulificha, akapata kisiwa.

Niseme ukweli, sikulia kwa huruma. Nilikasirika. Nilimkasirikia bibi, nikamkasirikia Makoye, nikamkasirikia huyo mwanamke mwenyewe kwa kuwa kitu nitakachoona aibu kumwambia mama. Uso ulikuwa unaniwaka. Nikainamia kitabu nikaendelea kunakili kwa hasira, kalamu inachana karatasi.

Ndipo nikasikia, "Shikamuu, mayu."

"Marahaba," nikasema.

Sikuinua uso. Miaka thelathini na mbili watu wananiamkia nikiwa nimeinamia kitabu, mdomo umezoea. Mtu akikwambia shikamoo unaitika marahaba, ni kama kupiga chafya. Nikaandika maneno mengine mawili, ndipo nikashtuka kwamba sauti ile ni ya mtu mzima sana. Nikatazama.

Alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Mwanamke mkongwe, mweusi, mwembamba, amejifunga kaniki iliyopauka, miguu haina viatu na ina tope bichi mpaka kwenye vifundo. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Alikuwa mkubwa kuliko mama yangu. Mtu wa umri ule ananiamkia mimi shikamoo! Kwetu hilo halipo. Mimi ndiye nilipaswa kuinuka nipige goti.

Ningeomba radhi. Siku nyingine yoyote ningeomba radhi. Lakini nilikuwa na hasira zangu, nikasema tu, "Unamtafuta nani, mama?"

Akajibu kwa Kisukuma. Kisukuma chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyejifunza ukubwani, maneno mengine sijawahi kuyasikia. Akasema, "Nimekuja kutaja jina."

Sasa fikiria. Mashahidi huja kila siku kuandikisha majina. Mkongwe ametoka shambani, amechanganya siku. Ndivyo nilivyofikiri, ungefikiri nini wewe? Nikamjibu kama nilivyowajibu mamia, sauti ile ile ya dirishani, "Mama, leo Ijumaa, kesi hakuna, na muda umekwisha. Njoo Jumatatu."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, niamini. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, mchoko wa mtu anayejua njia ya kurudi ilivyo ndefu.

"Jumatatu nyingine tena?" akasema.

Nikamwambia ndiyo, Jumatatu asubuhi, nikarudi kwenye kitabu changu. Nilimsikia akiinuka, benchi likalia. Nilikuwa nimefika mwisho wa ukurasa, nikafunua. Nakwambia yaliyokuwa upande wa pili kama nilivyoyanakili, karatasi ninayo mpaka leo.

"Mwanamke nsese akaingia, akaamkia baraza, shikamuu. Akaulizwa kwao, akajibu ng'ambo ya maji, alichukuliwa vitani angali mdogo. Akasema anataka jina lake liandikwe, na la mtoto wake chini yake, apate kujulikana mtoto ni wake. Baraza likasema muda umekwisha. Aje Jumatatu kutaja jina."

Na chini yake, kwa mkono ule ule: "Jumatatu. Mwanamke hakuja. Amekufa jana. Mtoto apewe ndugu mkubwa."

Nilipiga kelele. Niliangusha kiti, nikamkimbilia. Kibaraza kitupu, ua mtupu, geti la nyuma limefungwa na kufuli lina kutu. Nikazunguka mbele naita, lakini naita nini? Naita "Mama! Wee mama!" Jina sina. Niliuambia hivyo hivyo kila mti na kila ukuta, mama, mama, rudi uniambie, nitaandika sasa hivi.

Joakimu akatoka stoo mbio. Akasema hakuna mtu aliyeingia, yeye ndiye mwenye ufunguo. "Nilikusikia unaongea, nikajua uko kwenye simu. Nikasikia unasema njoo Jumatatu, nikacheka nikasema huyu mama kustaafu hajastaafu." Nikamwonyesha benchi. Tope lilikuwepo sakafuni, mahali pa miguu miwili. Joakimu alilitazama, akaenda kufunga ofisi haraka.

Nilirudi na kivuko cha jioni nimejikunyata. Jumamosi na Jumapili sikula. Jumatatu nikarudi kule kabla hata hawajafungua, nikakaa kwenye lile benchi na daftari jipya na kalamu mbili. Nilikaa mpaka jioni. Kila mwanamke mzee aliyepita nilisimama nikampigia goti nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza jina lake. Waliniona nimechanganyikiwa. Mmoja alinipa muhindi wa kuchoma. Mwenyewe hakuja, na angekujaje? Alishakuja mara mbili, na mara zote mbili karani alikuwa na haraka.

Wazee wengine husema shikamoo asili yake ni "nashika miguu yako," salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Sijui kama ni kweli, mimi si mtu wa vitabu hivyo. Lakini nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Amekufa, amezikwa mahali hapajulikani, amengoja zaidi ya miaka mia, akaja kwa damu yake mwenyewe, na bado akaja akishika miguu. Na mimi nikapokea.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa macho. Masanja alikuwa amemwinua amemwekea mto mgongoni, kwa sababu alijua nimekwenda wapi.

"Umelipata?" akauliza mama.

Ungemwona! Amebaki mifupa na macho, na macho yenyewe yananisubiri mimi. Ningemwambia nini? Kwamba bibi alidanganya? Kwamba sisi si wa Sese, ni wa nsese? Kwamba mwenye jina nilikuwa naye hatua tatu, nikamfukuza? Midomo yangu ikafunguka ikasema, "Nimelipata, mayu. Anaitwa Minza."

Sijui kwa nini Minza. Nilisoma na Minza wawili shuleni. Ni jina zuri tu.

"Minza," akasema mama. Akalirudia taratibu, akacheka. "Wabeja, mwanangu, asante. Wabeja sana. Minza!" Masanja akageukia ukuta anafuta machozi. Na mama akala uji usiku ule, vijiko sita, akalala bila kugumia. Nikajiambia basi, hata kama nimetenda dhambi, ni dhambi ya kumpumzisha mama.

Siku ya tatu yake, alfajiri, nampangusa uso. Akaniita.

"Amekuja," akasema. "Yule mama. Anapita hapo miguuni kwangu, ana tope miguuni."

Habari ya tope sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani.

"Nimemwita Minza," mama akasema. "Nimemwita sana. Haitiki."

Ningeweza kumwambia pale pale. Muda ulikuwepo, aliishi mpaka saa nne asubuhi. Nilishika mkono wake nikasema, "Mwite tena, mayu, labda hajasikia." Hicho ndicho nilichomwambia mama yangu. Akaita tena, na tena, sauti inazidi kuwa ndogo, Minza, Minza, na macho yake yanamfuata mtu anayezunguka kitanda. Alikufa anaita hilo jina nililolitunga mimi. Nililia msibani mpaka nikashikwa, watu wakasema jinsi alivyompenda mama yake. Hawakujua nalia nini.

Haya, ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini uongo hauzikwi pamoja na mtu. Siku ya kumaliza msiba, ukoo ulipokaa kuwataja waliotangulia, Masanja akasimama akawaambia wote kwamba dada yake karani ameupata waraka wa mahakama, na bibi mkuu anaitwa Minza. Makofi. Kila mtu akalitaja. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na nakala yangu ndani ya mkoba, sikuifungua. Miezi miwili baadaye binti yangu akajifungua mtoto wa kike, na hata sikuulizwa. Wakamwita Minza, ili yule mama apate wa kumrithi.

Mtoto ana miaka minne sasa. Ni mzima, mtundu, anapenda michembe, viazi vitamu vya kukausha, kuliko peremende, na ndiye ninayelala naye. Mimi jina lake siwezi kulitamka. Nikijaribu, namwona mama akiita. Namwita "we mtoto." Namwita "mjukuu." Nikiwa na haraka namwita "wewe." Nilidhani hajali. Majuzi tunachambua mchicha, akaniuliza, "Bibi, kwani mimi kwako sina jina?"

Niliinuka nikaingia ndani.

Masanja bado sijamwambia. Binti yangu bado sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza, na nimekwambia kwa sababu hunijui na sikujui. Nitawaambia, najua lazima niwaambie, na siku hiyo tutakuwa tumempokonya mtoto jina, na yule mkongwe bado hatutakuwa na la kumpa. Nikivuka na kivuko hadi Kamanga siku hizi nakaa ndani, siangalii maji.

Basi sikiliza, wewe unayekaa mezani popote pale, dirishani, dukani, kliniki. Mtu akikuamkia, inua uso kwanza umwone ni nani. Akikwambia amekuja kutaja jina, andika. Acha chai, acha simu, muda ukiwa umekwisha usiseme umekwisha, andika. Na kama una mzee nyumbani, usingoje aanze kufa ndipo umuulize majina ya watu wake. Muulize leo. Halafu asilolijua, usimtungie.